Hakuna Aliyeniuliza Habari za Nyumbani

Kwetu Kabungu kusalimiana ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Baba yangu alikuwa Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe zake kutoka kaskazini kabla sijaanza shule, na mtu akifika nyumbani, hata kama kaja kuazima kamba tu, hakuweza kutaja shida yake mpaka salamu ziishe. Mgeni anasema "Mwangaluka," baba anaitikia, kisha wanaanza: mmelalaje, watoto je, mkeo mguu wake umepona, mvua kwenu imefika, ng'ombe mnachungia wapi siku hizi. Mimi nimesimama pale na maziwa ya mgeni mkononi, maziwa yanashika utando, na wao ndiyo kwanza wako kwenye mbuzi. Nilikuwa naona ni kupoteza muda. Sikuelewa kwamba humo ndani ya salamu ndimo watu walimopitishia misiba yao. Mtu alisema "nzuri" mara tano, na mara ya sita akasema nzuri, ila yule mtoto wa tatu tulimzika Jumapili. Hapo baba alisogeza kigoda chake karibu, na hiyo kamba ikasahaulika.

Nilikwenda Japani katikati ya miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Nilikuwa bwana mifugo, naendesha baiskeli vijijini na boksi la chanjo nyuma, nafasi ya masomo ikaja: miezi sita ya kujifunza lugha, halafu miaka miwili ya kusomea ulishaji wa ng'ombe wa maziwa. Baba aliposikia aliuliza swali moja tu, huko ng'ombe wana rangi gani. Nikamwambia weupe wenye mabaka meusi. Akafikiri, akasema rangi hiyo si mbaya. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki siku nyingi, kwa hiyo aliyenisindikiza stesheni ya Mpanda ni baba na dada yangu, ambaye ameolewa Misunkumilo. Treni ilipoanza kujivuta, baba alitembea sambamba na dirisha, amevaa koti lake la Krismasi, akaniambia nikifika niwasalimie watu wa huko. Nikacheka. Niliona kama mzee ananituma kwa majirani.

Chuo chenyewe kilikuwa kaskazini kabisa, kwenye theluji, na kilikuwa na shamba la ng'ombe. Alfajiri na mapema, kabla ya kukamua, tulijipanga nje ya banda tumevaa maovaroli, redio inapiga kinanda, na wote tunanyoosha mikono na kuruka ruka, kuanzia profesa mwenye mvi mpaka mfagiaji. Siku ya kwanza nilidhani ni adhabu. Baadaye viatu vinaoshwa kwenye beseni la dawa, kazi zinasomwa ubaoni, na hakuna anayeuliza zamu ya choo ni ya nani, maana imeandikwa, na jina la profesa limo. Kila ng'ombe alikuwa na kadi yake: kazaliwa lini, mama yake nani, bibi yake nani. Hapo nilijisikia niko nyumbani, kwa sababu baba naye alikuwa na kadi kama hizo, ila za kwake zilikuwa kichwani.

Na walisalimiana, usifikiri hawakusalimiana. Walikuwa na salamu ya kufika, ya kuondoka, ya kuanza kula, ya kumaliza kula, na ya kumpongeza mtu kwa uchovu wake. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa na swali ndani yake. Swali pekee lilikuwa la hali ya hewa. Mtu anakwambia leo baridi, eti? Nawe unajibu ni kweli, baridi. Mmemaliza.

Wiki ya kwanza nilimsalimia profesa wangu kwa namna ya Kabungu. Nilimuuliza mkewe anaendeleaje, watoto wangapi, wazazi wake wote wako hai, wanaumwa chochote? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ana nguo ngapi za ndani. Alijibu kwa adabu, akikohoa kidogo kabla ya kila neno kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akakumbuka ana kazi ofisini. Mwanafunzi mwenzangu alinivuta pembeni akaniambia taratibu kwamba mambo ya nyumbani kwa mtu huwa hayaulizwi. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Nikafumba, na niseme ukweli, baada ya mwaka mmoja nilikuwa nalifumba bila kukumbushwa.

Kazi yao niliipenda. Hakuna aliyeondoka kabla ya profesa, na profesa hakuondoka kabla ya saa moja jioni hata kama hana la kufanya. Tuliketi kwenye madawati yetu tukisoma ukurasa uleule mara nne, na anayethubutu kuinuka kwanza aliomba radhi kwa kutangulia. Mtu akisafiri hata siku mbili alirudi na boksi la biskuti la kugawia ofisi nzima, na hapo tulielewana, maana hata kwetu mkono mtupu haulambwi. Nilianza kufika kabla ya wenzangu, na nikaanza kuona aibu kuumwa mafua.

Mwaka wangu wa pili, baba wa profesa alifariki. Tuliambiwa asubuhi, kwenye ubao, chini ya zamu za kukamua. Alikosekana siku tatu. Siku ya nne alikuwa mstarini ananyoosha mikono kwa kinanda cha redio. Alipomaliza aligeuka, akatuinamia, akaomba radhi kwa kuvuruga kazi. Baadaye kila mmoja wetu alipewa pakiti ya majani ya chai kama shukrani ya rambirambi, na habari ikaishia hapo. Kwetu mwana aliyefiwa na baba anakaa chini, ndevu zinaota, watu wanakuja wanakaa naye, wengine hawasemi kitu, wanakaa tu, na jiko haliwashwi na wenye nyumba. Nilimtazama yule mzee akipima pumba siku ya nne, mizani haitikisiki mkononi mwake, nikaogopa. Lakini pia nilimstahi, na hilo ndilo linalonisuta mpaka leo. Nilisema moyoni, hawa ndio wanaume.

Barua ya dada ilifika mwanzoni mwa Septemba. Dada ndiye aliyekuwa mwandishi wa familia, na barua zake zilichukua kama wiki tano njiani. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Ukurasa wa pili aliandika kwamba tumbo la baba limevimba, walimpeleka hospitali mjini, akatolewa maji, maji yakarudi. Sasa yuko kwake Misunkumilo ili awe karibu na hospitali, na ng'ombe wanaangaliwa na baba mdogo. Mwishoni akaandika: "Baba anasema kama kazi inaruhusu uje akuone. Anasema kama inaruhusu." Maneno ya mwisho aliyapigia mstari.

Niliikunja ile barua nikaitia mfuko wa ovaroli. Nikaenda nayo bandani, nikajipanga, nikanyoosha mikono, nikangoja kuulizwa. Najua unachofikiri, kwamba mtu mzima mwenye shida husema. Lakini mimi nililelewa na mzee asiyemruhusu mtu aanze na shida. Kwetu hubebi msiba wako kama muuza karanga ukawapitishia watu usoni. Unaulizwa habari za nyumbani, unasema nzuri, unaulizwa tena, na ndipo unapata pa kuutua. Nilihitaji mtu mmoja tu aniulize mara moja tu. Niliambiwa leo upepo mkali. Nikajibu ni kweli, mkali.

Kulikuwa na jambo jingine pia, na hili ni la kwangu mwenyewe, sitawasingizia Wajapani. Nilikuwa na jaribio la ulishaji, ng'ombe kumi na wawili, kila siku napima wanachokula na maziwa wanayotoa, mpaka Desemba. Nikikatisha, linaharibika. Na nilikuwa Mwafrika pekee pale shambani. Hakuna hata siku moja mtu aliniambia Waafrika ni wavivu. Ni mimi niliyejiambia kwa niaba yao. Ningesimamaje mbele ya mtu aliyemzika baba yake na siku ya nne akarudi kwenye mizani, nimwambie mimi wangu hata hajafa na nataka kwenda?

Siku ya tatu nilikuta juu ya dawati langu mfuko wa karatasi wenye machenza. Hakuna aliyesema kayaweka nani. Nilijua ni profesa, kwa sababu alikunja midomo ya mifuko kwa namna yake, mara tatu. Nilikasirika sana. Niliyaona yale machenza kama matusi, kwamba ameona nina jambo na badala ya kufungua kinywa chake ananiletea matunda. Sikuyala. Niligawa kwa wenzangu, nikasema leo baridi.

Kwetu husemwa barua ni nusu ya kuonana, kwa hiyo baada ya wiki nzima nilikaa nikaandika. Niliandika kurasa tatu. Nilimweleza baba kuhusu ng'ombe wangu kumi na wawili, yupi mlafi, yupi mkorofi, maziwa yamepanda kiasi gani, na kwamba profesa amesifu jaribio. Nilimweleza theluji inakaribia. Nilisema kazi inaisha Desemba na hapo nitaomba ruhusa. Sikumuuliza hali yake. Nilianza kuandika "Baba, unaendeleaje" nikaichana karatasi, nikaanza upya, nikafika palepale nikaichana tena. Ukimuuliza mtu hali, lazima usubiri jibu, na mimi niliogopa kwamba jibu litaniita. Nikafunga barua bila swali hata moja, nikaitia posta, na nikajisikia nafuu siku hiyo. Naandika hili nikiwa Nsemulwa, hapa Mpanda mjini, nimeshastaafu, na bado naona haya.

Barua ya pili ilikuja katikati ya Novemba. Salamu zilikuwa ndefu kuliko kawaida, nikajua kabla sijageuza ukurasa. Baba alifariki Alhamisi, wakamrudisha Kabungu, wakamzika kando ya zizi kama alivyotaka. Dada alieleza kwamba walifikiria kunipelekea telegramu, lakini yeye aliona si vizuri mtu kupewa msiba wa baba yake kwa maneno sita akiwa peke yake ugenini, ni afadhali uje na salamu. Nilipiga hesabu: baba alikuwa ardhini mwezi mzima na zaidi. Siku anazikwa, inawezekana nilikuwa nakata kwato huku napiga mluzi. Nikakunja barua, nikaenda kupima pumba. Profesa alichukua siku tatu. Mimi sikuchukua hata moja.

Sasa, pale chuoni walikuwa na desturi ambayo hakuna mtu wa Kabungu aliyeniamini nilipomsimulia. Nyuma ya banda kulikuwa na jiwe refu lililochongwa maandishi, na mara moja kwa mwaka watu wote wa shamba, kuanzia mkuu wa kitivo, walivaa suti nyeusi wakakusanyika mbele yake kuwakumbuka wanyama waliokufa mwaka ule kwa ajili ya masomo. Ng'ombe, kondoo, hata panya wa maabara. Mkuu anasoma hotuba, anawaambia wanyama asante, anawaomba radhi. Kisha mnapanga foleni, kila mtu anapewa ua jeupe, analiweka mbele ya jiwe, anainama, anapisha mwingine. Mwaka wa kwanza niliona ni kichekesho. Mwaka wa pili shughuli hiyo ilikuja wiki moja baada ya barua ya dada.

Nilikuwa nyuma ya profesa kwenye foleni. Theluji ya kwanza ilikuwa inadondoka, nyepesi. Zamu yangu ilipofika niliweka ua, nikainama, na sikuweza kuinuka. Nilikuwa nafikiri kwamba hawa ng'ombe wamepata watu wa kuwasimamia, wamevuliwa kofia, wameombwa radhi, na mzee wangu, aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote, mimi sikumtupia hata konzi la udongo. Nikaanza kulia. Sikulia kwa namna ya pale, ya kufuta jicho kwa kidole. Nililia kwa sauti, kama wanaume wanavyolia kwetu mwili unapotolewa ndani. Nikapiga magoti kwenye theluji na suti yangu ya kuazima. Foleni ilinizunguka. Kila mmoja aliweka ua lake kwa upande, akainama, akaondoka akitazama viatu vyake. Nafikiri waliona ni heshima kutoniona.

Profesa hakuondoka. Alingoja mpaka wote wamerudi ndani. Nikamsikia anakohoa.

"Ni kwa ajili ya ng'ombe?" akauliza.

"Ni baba yangu. Alikufa mwezi uliopita."

Akauliza nilijua lini kwamba anaumwa. Nikamwambia Septemba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," nikasema.

Nilisema kwa ukali, nilitaka imuume. Ilimuuma. Alivua miwani akaifuta theluji, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikuona," akasema. "Tangu siku ile ya barua nilikuona. Nikangoja useme. Kwetu kumuuliza mtu ya nyumbani kwake ni kama kuingia kwake na viatu." Akakohoa. "Ningekupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Ng'ombe ningewapima mimi."

Hasira yangu ilikosa pa kwenda. Miezi yote ile nilimngoja aulize, naye akaningoja niseme, kila mmoja kwa adabu aliyofundishwa na wazee wake, na baba yangu alikufa katikati ya adabu zetu. Tulipokuwa tunarudi bandani alinieleza jambo ambalo sidhani alimweleza mtu mwingine pale. Alisema ile siku ya nne hakurudi kwa sababu ni jasiri. Alirudi kwa sababu nyumbani hakujua afanye nini na mikono yake, na mama yake mpaka leo hajamsamehe.

Alinipa siku tatu. Nilizikaa chumbani kwangu bwenini, sakafuni, nimegeuza godoro kama mfiwa wa kwetu. Sikuwa na wa kukaa naye. Siku ya pili mchana mlango uligongwa, nikamkuta profesa na mkewe, wamebeba wali kwenye boksi. Walivua viatu, wakaketi sakafuni kando yangu. Hawakusema kitu. Walikaa hivyo karibu saa mbili, magoti yao ya kizee yamekunjwa, na sijui ni nani aliyemwambia yule mtu kwamba kwetu matanga ni hivyo.

Nilirudi Mpanda mwezi wa nne, jaribio limefanikiwa, cheti mkononi. Ofisini walinipa jina la Mjapani kwa sababu nilifika kwenye vikao vilivyoitishwa saa tatu ikiwa saa tatu, nikakaa peke yangu na viti. Nilicheka nao. Kabungu nilikwenda siku ya pili tu, matope yamefika kwenye ekseli ya baiskeli, nikaona kaburi kando ya zizi, majani yameshaota juu yake. Nilikaa hapo mpaka ng'ombe waliporudi. Nikalala Kabungu, na kesho yake nikaenda Misunkumilo kwa dada.

Alikuwa anachambua mchele uani. Tulisalimiana salamu zote, hatukuruka hata moja. Nilipoona zimeisha nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekibeba tangu Novemba, kama ile barua yangu ilifika baba akiwa hai.

Akasema ilifika, zikiwa zimebaki siku nne. Alimtoa baba nje kwenye jua la asubuhi, kwenye mkeka, akamsomea. Baba alisikiliza kurasa zote tatu, ng'ombe mmoja mmoja, akacheka kidogo kwa yule mlafi. Dada alipofika mwisho akanyamaza. Baba akamuuliza kama imeisha.

"Nikaona anangoja," dada akasema, mikono imesimama kwenye ungo. "Mdogo wangu, alikuwa anangoja. Basi nikaigeuza ile karatasi upande mweupe, nikasoma. Nikasoma, baba, umelalaje? Tumbo bado linakusumbua? Leo umekula nini? Nikasoma kama vile umeandika wewe."

Nikamuuliza kama baba aliamini.

"Alijibu hapohapo. Hakunijibu mimi, aliijibu karatasi. Alisema amelala vizuri, tumbo afadhali, asubuhi amekunywa uji nusu kikombe. Halafu akasema nikuulize na wewe, huko unakula vizuri?" Akaanza tena kuchambua, akiutazama mchele. "Sikukuandikia. Ningekuandikiaje, na wewe hukuwa umeuliza."

Nikamwambia kwamba huko nilikuwa nakula vizuri.